Shilingi Katika Mshahara wa Waziri

Iko rai moja ambayo siku hizi imekubaliwa na watu wengi hata haiulizwi tena ilikotoka wala inakokwenda, nayo ni kwamba waziri hapaswi kuwa mbunge. Utaisikia barazani baada ya alasiri, kahawa ikizunguka. Utaikuta magazetini, katika mihadhara ya vyuo vikuu na katika hotuba za mawakili. Na Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, ilipotoa rasimu yake ya pili mwishoni mwa mwaka 2013, iliiandika rai hiyo kuwa pendekezo rasmi kwa Watanzania. Jirani zetu wa Kenya walikwisha kututangulia, wakaitia katika katiba waliyoizindua tarehe 27 Agosti 2010. Hoja yake ni fupi na ina mvuto: kazi ya Bunge ni kuisimamia Serikali, na mtu hawezi kujisimamia mwenyewe, basi waziri anayekaa bungeni ni kama mshitakiwa aliyepewa kiti miongoni mwa mahakimu, na dawa yake ni kuinuliwa atoke.

Nimeisikiliza hoja hii miaka mingi kwa staha inayoistahili, maana wengi waisemao ni watu wa insafu wanaoitakia nchi kheri. Walakini naiona imekosea, tena imekosea pale pale inapojidhani kuwa imara. Kiti cha waziri ukumbini ni kamba iliyofungwa shingoni mwa Serikali, ncha yake ikiwa mikononi mwa Bunge. Na hao wanaotaka kukiondoa, kwa nia njema kabisa, wanashika kisu waikate kamba hiyo, kisha wanatazamia kwamba mnyama aliyefunguliwa atazidi kutii.

Nianze na jambo nililoliona kwa macho. Mwaka mmoja, katika mkutano wa bajeti, ule unaoanza Aprili na kwisha mwishoni mwa Juni, nilipata nafasi ya kukaa katika jukwaa la wageni huko Dodoma. Bunge lilikuwa limekwisha kujigeuza kuwa Kamati ya Matumizi, kikao ambacho ndani yake Spika huacha kuitwa Spika akaitwa Mwenyekiti, na vifungu vya fedha za wizara husomwa kimoja kimoja, na kwa kila kimoja wabunge huulizwa kama wanakiafiki. Kilipofikiwa kifungu cha utawala, ambacho ndani yake umo mshahara wa waziri mwenyewe, alisimama mbunge mmoja wa bara, mtu mzima asiye na makeke, akasema kwamba kijijini kwake kuna kisima kilichochimbwa, kikajengewa, kikakatiwa utepe, na tangu siku ya utepe hakijatoa ndoo moja ya maji. Akaongeza kwamba asipopewa maelezo ya kumridhisha atashika shilingi.

Msomaji asiyeyazoea mambo ya Bunge asidhani kuna sarafu iliyotolewa mfukoni. Kushika shilingi ni kutoa hoja kwamba mshahara wa waziri upunguzwe kwa shilingi moja, kiasi ambacho hakimnunulii mtu hata kiberiti, lakini ambacho, katika kaida za mabunge yaliyorithi desturi ya Uingereza, maana yake ni kwamba ukumbi haukuridhika na kazi yake. Waziri alisimama, akajibu kwa yale maneno mapana tunayoyajua sote, kwamba Serikali inatambua na kwamba mchakato unaendelea. Mbunge hakuridhika, akaitoa hoja yake. Wakasimama wengine kumuunga mkono, wawili, watano, kisha safu nzima, na baadhi yao walikuwa wa chama cha waziri yule yule. Kule nyuma, katika viti vya wataalamu, watumishi wa wizara walianza kuinamiana. Kikaratasi kikaandikwa, kikapita mkono hadi mkono mpaka kikamfikia waziri, naye akakisoma, akajifuta uso kwa leso, akasimama tena, na mara hii akautaja mwezi ambao pampu ingefungwa. Mbunge akasema anarudisha shilingi. Jambo lote halikuzidi dakika 20.

Sisemi kwamba ahadi ni maji. Lakini ahadi ni deni, na deni lile lilitamkwa na mdeni mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya mdai wake, likaandikwa katika kumbukumbu za Bunge pamoja na jina na tarehe. Mwondoe waziri ukumbini, kisha niambie shilingi ile itashikwa katika mshahara wa nani, na kikaratasi kile kitapelekwa kwa nani.

Rai ya kuwatenga ina ukoo wake, na si vibaya kuujua. Mfaransa Montesquieu, katika kitabu alichokitoa mwaka 1748, aliisifu Uingereza kwa kuwa na mamlaka matatu yaliyoachana, moja la kutunga sheria, moja la kutekeleza, moja la kuhukumu, na akafundisha kwamba uhuru wa raia umo katika kuachana huko. Wamarekani, walipoandika katiba yao Philadelphia mwaka 1787, walilishika fundisho hilo kwa ukali kuliko mwalimu mwenyewe, hata kwao mwenye cheo katika serikali haruhusiwi kuwa mjumbe wa Kongresi. Ajabu ni kwamba Uingereza ile haikuwa hivyo alivyoieleza. Montesquieu alikaa huko kuanzia mwaka 1729 hadi 1731, na siku zote alizokuwako, nchi ilikuwa ikiendeshwa na Sir Robert Walpole, ambaye wanahistoria humhesabu kuwa Waziri Mkuu wa kwanza, naye aliiendesha akiwa amekaa katika Baraza la Makabwela miongoni mwa wajumbe wenzake; na wajumbe hao walipomwacha, mwaka 1742, hakuwa na la kufanya ila kuondoka. Ikapita zaidi ya karne moja ndipo Mwingereza Walter Bagehot, katika kitabu chake cha mwaka 1867, alipoeleza bayana kwamba siri ya utawala wa kwao ni kuungana kwa mamlaka ya kutekeleza na ya kutunga sheria, na kiungo chao ni baraza la mawaziri. Kwa hiyo anayesema bunge la namna ya Uingereza litastawi waziri akiondolewa anachukua dawa iliyoandikiwa mgonjwa mwingine.

Maana katika demokrasia ya kibunge raia hachagui serikali. Neno hili huwaudhi watu, lakini ndivyo lilivyo: raia humchagua mbunge wa kwao, na wabunge waliochaguliwa ndio ambao, kwa wingi wao, huwapa baadhi yao dhamana ya kutawala, na dhamana hiyo haina muda uliohakikishwa, bali huishi siku kwa siku, kama mgeni anayekaa kwa ridhaa ya mwenye nyumba. Ndiyo sababu Alec Douglas-Home, alipoitwa kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mwezi Oktoba 1963, hali alikuwa bwana wa ukoo wa kikabaila mwenye kiti katika Baraza la Mabwana, alilazimika kuuvua ubwana wake aliourithi, akaenda Uskoti kugombea jimbo kama mtu yeyote, ili apate kusimama mbele ya makabwela na kuulizwa. Hakuna aliyemwambia kwamba ubwana unamzuia kutawala. Alilolitambua yeye na wenzake ni kwamba mtawala asiyeweza kuhojiwa na waliochaguliwa, ana kwa ana, hawezi kukubalika.

Na kama kuna tukio moja ambalo ningependa wapinzani wangu walitafakari, ni lile la tarehe 7 na 8 Mei 1940. Majeshi ya Uingereza yalikuwa yameshindwa huko Norwei, na Baraza la Makabwela likajadili vita kwa siku mbili. Waziri Mkuu Neville Chamberlain hakuwa katika jumba lake akisubiri kusomewa taarifa. Alikuwa palepale, kwenye benchi la mbele, hatua chache tu kutoka kwa wale waliokuwa wakimshambulia. Admirali Sir Roger Keyes, mbunge wa chama chake, aliingia akiwa amevaa sare yake ya jeshi la majini na nishani zake zote, akasema aliyoyajua kuhusu kushindwa kule, na Chamberlain akamsikiliza. Leo Amery, rafiki yake wa miaka mingi, alisimama akamtaka aondoke. Kura zilipopigwa, Serikali ilishinda, 281 kwa 200. Ilishinda! Kwa hesabu ya karatasi ingeweza kuendelea. Lakini wabunge wa upande wake wapatao 40 walikuwa wamepiga kura dhidi yake na wengine wengi hawakupiga kabisa, na kila mtu ukumbini, Chamberlain akiwemo, alikuwa ameziona nyuso zao. Tarehe 10 Mei akajiuzulu, na Winston Churchill akashika mahali pake. Hiyo ndiyo nguvu ya kuwapo. Taarifa ya kamati, hata ikiwa na kurasa 500, haina macho ya kumtazama mtu.

Baadaye, tarehe 28 Machi 1979, Serikali ya James Callaghan iliangushwa kwa kura moja tu, 311 kwa 310, na nchi ikaenda kwenye uchaguzi. India nako, mwezi Aprili 1999, Serikali ya Atal Bihari Vajpayee ilianguka kwa kura moja vilevile. Hayo hujulikana sana, nayapita.

Nirudi nyumbani. Sidai kwamba Tanzania ina serikali ya kibunge kamili. Iliwahi kuwa nayo, kwa mwaka mmoja tu, tangu tarehe 9 Desemba 1961 ilipopata uhuru Tanganyika, Julius Nyerere akiwa Waziri Mkuu na baada yake Rashidi Kawawa, mpaka tarehe 9 Desemba 1962 ilipokuwa Jamhuri na mkuu wa Serikali akatoka ukumbini akaenda Ikulu. Tangu hapo tuna chotara: Rais anachaguliwa na raia wenyewe, lakini chini yake umebaki mwili wa kibunge. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 51, inataka Waziri Mkuu awe mbunge wa jimbo, na uteuzi wake uthibitishwe kwa kura za wabunge walio wengi. Ibara ya 53 inawafanya mawaziri wawajibike kwa pamoja bungeni. Ibara ya 53A inaliruhusu Bunge kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Na ibara ya 55 inataka mawaziri wote na manaibu wao watoke miongoni mwa wabunge. Rais amepanda juu, lakini mikono yake yote imebaki ndani ya ukumbi, na anayetaka kuikamata mikono hiyo anajua iliko.

Nayo imekwisha kukamatwa. Kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe ilipotoa taarifa yake juu ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa alisimama bungeni, tarehe 7 Februari 2008, akatangaza kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu. Mawaziri wengine wawili wakamfuata, na Baraza zima la Mawaziri likavunjwa. Mwaka 2012, zilipoanza kukusanywa saini za wabunge ili Waziri Mkuu Mizengo Pinda apigiwe kura ya kutokuwa na imani, zikafika kiasi cha 70, Rais Jakaya Kikwete hakungoja kura yenyewe. Mwezi Mei alilipanga upya Baraza lake na mawaziri kadhaa wakaachwa nje. Na tarehe 20 Desemba 2013, baada ya kamati ya Bunge kueleza mateso waliyotendewa wananchi katika Operesheni Tokomeza, iliyokusudiwa kuwakomesha majangili, Waziri wa Maliasili na Utalii, Khamis Kagasheki, alisimama pale pale ukumbini akasema anaondoka, na wenzake watatu, wa Ulinzi, wa Mambo ya Ndani na wa Mifugo, uteuzi wao ukatenguliwa.

Najua nitakachojibiwa, maana nimekwisha kujibiwa. Mwalimu mmoja mstaafu, jirani yangu, mtu mwenye kusoma sana na mwenye kumwita kila mtu bwana mdogo hata aliyemzidi mvi, aliniambia: “Bwana mdogo, hao hawakuondolewa na Bunge, waliondolewa na Rais, Bunge lilipiga kelele tu.” Nikamwambia, “Mwalimu, ni kweli kalamu ilikuwa ya Rais, lakini ni nani aliyemtia kalamu mkononi saa ile?” Akanyamaza, si kwa kushindwa, akaagiza kikombe kingine. Rais mwenye mamlaka yote ya kuwateua na kuwatengua alikuwa na kila fursa ya kungoja, kuunda tume, kuacha wiki zipite hadi watu wasahau. Asichoweza ni kuwaacha mawaziri wake wakae kila siku, saa tatu asubuhi, mbele ya watu waliokwisha kuwakataa. Kukaa huko ndiko kulikomharakisha.

Sasa tuwatazame waliokwisha kuinywa dawa. Tangu uchaguzi wa Machi 2013 mawaziri wa Kenya hawakai bungeni. Maswali ya wabunge hayakukoma. Aliyekosekana ni mtu wa kuyajibu. Swali lilipelekwa kwa mwenyekiti wa kamati inayohusika, naye ni mbunge kama wenzake. Mwenyekiti akalipeleka wizarani. Jibu likarudi kwa maandishi, naye akasimama kulisoma kana kwamba ni lake. Na akiulizwa la nyongeza, yaani lile swali la pili linalomvua mtu nguo baada ya jibu lililoandaliwa, hakuwa na la kusema ila kuahidi kwamba atakwenda kuuliza tena. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga, na kwa kawaida msemo huo humsikitikia aliyekosekana. Kwa waziri ulikuwa rehema.

Haikuchukua miaka kumi wenyewe wakaanza kujuta. Mpango wa kurekebisha katiba wa mwaka 2020, uliojulikana kama BBI, ulitaka mawaziri warejeshwe ukumbini, ukakwama mahakamani kwa sababu ya namna ulivyoanzishwa, hadi Mahakama ya Juu ikaufunga mlango mwezi Machi 2022. Baada ya uchaguzi wa mwaka huo ndipo kanuni za mabunge zilipobadilishwa ili mawaziri waje kujibu maswali mbele ya wabunge wote. Aliyetolewa mlangoni amerudi kwa dirisha! Lakini amerudi akiwa mgeni mwalikwa, aketiye mahali alipowekewa, ajibuye yaliyopangwa, kisha akaaga.

Na je, wabunge wa Kenya wanaweza kumwondoa waziri? Katiba yao, katika ibara ya 152, imewapa njia: hoja iungwe mkono na robo ya wabunge, ikipita iundwe kamati ya watu 11, kamati ichunguze kwa siku 10, ikiona tuhuma zina msingi ndipo wabunge wapige kura. Mwaka 2024 njia hiyo ilijaribiwa kwa waziri wa kilimo, kwa ajili ya mbolea bandia iliyowafikia wakulima. Kamati ikasema tuhuma hazikuthibitika, na shauri likaisha. Miezi miwili baadaye, tarehe 11 Julai, Rais William Ruto aliwatoa karibu mawaziri wake wote kwa siku moja, kwa sababu vijana walikuwa wamejaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kuuawa. Lililoshindikana kwa hoja, kamati na siku 10 liliwezekana kwa damu. Wanaosema kwamba Bunge lililotengwa na Serikali lina nguvu zaidi na waniambie, katika mambo hayo mawili, nguvu ya Bunge ilikuwa wapi. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Niwape wapinzani haki yao, kwa kuwa wanayo. La kwanza wasemalo ni kwamba mawaziri na manaibu wao wakiwa wengi, kura zao peke yake ni ukuta unaoikinga Serikali, na wale wasio mawaziri huziba midomo kwa tamaa ya kuwa mawaziri kesho. Hilo ni kweli, sina la kulikana. Lakini dawa ya wingi ni kuweka kikomo. Waingereza, ambao sisi huwasingizia kila kaida, waliweka katika sheria ya mwaka 1975 kwamba wenye vyeo vya uwaziri wanaoweza kukaa na kupiga kura katika Baraza la Makabwela wasizidi 95. Katiba yetu haikuweka kikomo cha namna hiyo. Kiwekwe, tena kiwe kidogo, nami nitakuwa wa kwanza kushangilia. Kwamba mtu hujipendekeza ili apate cheo, hilo halitakoma waziri akitolewa ukumbini, maana Rais atabaki na balozi, bodi na ukuu wa mikoa wa kugawa.

La pili ni utaalamu: eti wizara ya afya ikiongozwa na daktari asiye mwanasiasa itaendeshwa vizuri zaidi. Hapa naona watu wamechanganya kazi mbili. Mtaalamu wa wizara yuko, anaitwa Katibu Mkuu, na chini yake wamo wakurugenzi waliosoma kuliko sisi sote. Waziri hakuwekwa pale kwa kuwa anajua kuchoma sindano. Amewekwa ili wasiojua kuchoma sindano, lakini wanaochomwa, wapate mtu wa kumuuliza. Na Rais akimtaka sana mtaalamu asiye mbunge, ibara ya 66 imempa nafasi 10 za kuwateua wabunge. Amtie humo, aje akae na wenzake aulizwe.

La tatu, kwamba waziri mwenye jimbo huivutia barabara kwao, silijibu kwa kirefu. Wapiga kura wa mawaziri ninaowafahamu hulalamika kwamba hawaonekani jimboni tangu wateuliwe.

Liko pia la Uholanzi na Norwei, ambalo hutajwa na waliosafiri. Ni kweli kwamba huko waziri hana kura bungeni. Lakini asimulie yote, msafiri wetu: huko waziri huja ukumbini kwa desturi, hushiriki mjadala, na hoja moja ya kutokuwa na imani, ikipita kwa wingi wa kawaida, humwondoa, awe ni yeye au Serikali nzima. Wamemnyang'anya kura, hawakumnyang'anya dhima. Mwenye kutaka mfumo huo ausimike wote, na aanze kwa kumnyima Rais uwezo wa kutawala na mawaziri ambao Bunge limekwisha kuwakataa. Atakapokuwa tayari kwa hilo, tutazungumza.

Kwa hiyo, ikiwa shilingi hushikwa kwa ujasiri kisha hurudishwa upesi mno, na hurudishwa hivyo mara nyingi kuliko tunavyopenda, kosa halimo katika kiti cha waziri. Tuwatazame walioishika. Wale wa mwaka 1940 waliompigia Chamberlain kura ya kumpinga walirudi kwenye viti vyao kesho yake wakiwa wabunge vilevile. Chama kiliweza kuwanunia, hakikuweza kuwafukuza bungeni. Kwetu, ibara ya 71 ya katiba inasema kwamba mbunge aliyeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni hupoteza ubunge wake. Maneno ni machache na yameandikwa kwa utulivu, lakini maana yake ni kwamba kikao cha chama, kikikaa jioni moja mlango umefungwa, kinaweza kumvua ubunge mtu aliyechaguliwa na maelfu ya watu mchana kweupe. Mbunge anaposhika shilingi haogopi waziri aliye mbele yake. Anaogopa barua itakayotoka makao makuu ya chama. Chama hicho ndicho mshitakiwa aliyeketi miongoni mwa mahakimu, nacho hata hatukioni, kwa kuwa macho yetu yote yameelekezwa kwa waziri.

Mtu akihofu kufukuzwa na chama chake, hata umtoe kila waziri ukumbini, hata uwapeleke mawaziri wote wakakae mwezini, hatasema neno. Na mtu asiyehofu hilo atamtosha waziri, Waziri Mkuu na Serikali nzima kwa shilingi moja. Basi ndugu zangu mnaoitwa kila mara kutoa maoni juu ya katiba mpya, mtakapoulizwa, ombeni ibara ya 71 ifutwe pale inapomfunga mbunge kwa kamba ya chama. Ibara ya 55 iachwe ilivyo, ila iongezewe idadi ya mawaziri isiyozidiwa.